Mvulana wa Sokolovići: Maisha ya Mehmed Pasha na Daraja Lake la Mto Drina

Neno daraja katika lugha yetu limebeba maana zaidi ya moja. Daraja ni ngazi, daraja ni cheo, na daraja ni kile kiungo cha mawe, mbao au chuma kinachomvusha mtu mto asiloe. Waarabu waliotupa neno hili hawalitumii kwa maana hiyo ya tatu. Wao husema jisri au kantara. Waswahili ndio waliolichukua neno la ngazi wakalilaza juu ya maji. Makala haya yanamhusu mtu ambaye maisha yake yanazienea maana zote hizo. Alipanda kila daraja ya utumishi katika dola kubwa kuliko zote za zama zake pembezoni mwa Mediterania, akabakiwa na kiti cha sultani peke yake asichoweza kukikalia, kisha akaagiza lijengwe daraja la mawe katika nchi aliyotolewa akiwa mtoto. Daraja hilo lingalipo. Linaitwa kwa jina lake, nalo lipo katika mji wa Višegrad, mashariki mwa Bosnia.

Mehmed Pasha Sokolović alizaliwa yapata mwaka 1505 katika kijiji cha Sokolovići, karibu na Rudo. Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba huo ndio mwaka ambao Francisco de Almeida na manowari zake za Kireno waliiteka na kuiteketeza Mombasa. Tutaona baadaye kwamba mambo haya mawili hayako mbalimbali kama yanavyoonekana. Jina la ukoo wake linatokana na neno la Kislavi lenye maana ya kozi, yule ndege mwindaji. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa Othodoksi, na mapokeo yanasema kwamba jina lake la utotoni lilikuwa Bajo au Bajica, na kwamba alikuwa na ami mtawa katika monasteri ya Mileševa, ambako alianza kusoma.

Bosnia ilikuwa imetwaliwa na Dola la Uthmaniya mwaka 1463. Miongoni mwa kodi zilizotozwa raia wa nchi za Balkani ilikuwapo moja ambayo haikulipwa kwa fedha wala kwa nafaka. Waturuki waliiita devshirme, yaani mkusanyo. Kila baada ya miaka kadhaa maafisa wa sultani walipita vijijini wakichagua wavulana wenye siha na akili, aghalabu wa kati ya miaka minane na kumi na minane, mmoja kwa kila idadi fulani ya nyumba. Mwana wa pekee aliachwa. Waliochaguliwa waliandikwa majina yao na ya wazazi wao katika madaftari mawili, wakavishwa nguo nyekundu ili mtoro atambulike upesi, wakasafirishwa kwa miguu hadi Istanbul. Huko walisilimishwa, wakatahiriwa, wakapewa majina mapya. Wengi waliishia katika jeshi la Janisari. Wachache walioonekana kuwa na vipawa walipelekwa katika shule za ikulu.

Wanahistoria hawajakubaliana kuhusu namna ya kuutazama utaratibu huu, na nadhani si vyema kuwalazimisha wakubaliane. Wapo wazazi waliowaoza watoto wao mapema au kuwalemaza ili wasichukuliwe. Wapo pia walioona kwamba mlango huo ndio pekee unaoweza kumtoa mwana wa mkulima katika jembe na kumpeleka ikulu. Waislamu wa Bosnia, ambao kwa kawaida ya sheria hiyo hawakupaswa kuhusishwa, waliomba wana wao nao waingizwe katika mkusanyo, wakakubaliwa. Sisi tuliolelewa na methali isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa tunaweza kujiuliza tufanye nini na mtu ambaye alifanywa mtumwa kwanza, akaachishwa mila baadaye, kisha utumwa huohuo ukampa mamlaka juu ya mamilioni ya watu huru.

Bajica akawa Mehmed. Alisomeshwa katika ikulu ya Edirne, halafu katika ikulu ya Istanbul, ambako vijana walifunzwa Kituruki, Kiarabu na Kiajemi, pamoja na matumizi ya silaha na adabu za barazani. Alishika nyadhifa za ndani ya ikulu, miongoni mwazo ya kumbebea sultani silaha na ile ya mkuu wa walinzi wa lango. Mwaka 1546, alipofariki amiri jeshi mashuhuri wa majini Hayreddin Barbarossa, nafasi hiyo alipewa Mehmed ingawa hakuwa baharia. Miaka mitatu baadaye akafanywa gavana mkuu wa Rumelia, yaani majimbo ya dola yaliyokuwa Ulaya. Akapigana Transilvania na Hungaria, akaingia katika baraza la mawaziri, na mwaka 1559 akasaidia kumshinda mwanamfalme Bayezid katika vita vya kugombea urithi huko Konya. Mwanamfalme aliyenufaika na ushindi huo, Selim, alimwoza bintiye Ismihan mwaka 1562. Mnamo Juni 1565 Sultani Suleiman akamfanya waziri mkuu. Miaka sitini hivi ya mtu imepita katika aya moja, lakini ndivyo ilivyo: kumbukumbu za vyeo vyake ni nyingi, na za moyo wake ni haba mno.

Tukio linaloonyesha vyema aliyekuwa Mehmed Pasha ni lile la Szigetvár. Mwaka 1566 Suleiman, akiwa mzee na mgonjwa wa miguu kiasi cha kubebwa ndani ya gari la farasi, aliongoza jeshi hadi ngome hiyo ya Hungaria. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba akafariki hemani mwake. Ngome ilikuwa haijaanguka, Janisari walikuwa na desturi ya kuasi kila sultani anapokufa, na mrithi alikuwa Kütahya, mwendo wa majuma kadhaa. Waziri mkuu aliificha habari. Pamoja na katibu wake Feridun na watu wachache wa karibu, aliendelea kutoa amri kwa jina la sultani aliyekwisha kufa. Ngome ikaanguka siku iliyofuata, zawadi za ushindi zikagawanywa, ukarabati wa kuta ukaamrishwa, na mjumbe wa siri akatumwa kumwita Selim. Hatimaye jeshi lilipoanza kurudi, maiti iliwekwa garini kana kwamba mgonjwa amelala. Habari zilitangazwa karibu na Belgrade, majuma saba hivi baada ya kifo chenyewe, mrithi akiwa tayari amefika.

Kuanzia hapo hadi kufa kwake Mehmed Pasha ndiye aliyekuwa mwendeshaji halisi wa dola, chini ya Suleiman kwa muda mfupi, chini ya Selim wa Pili, na chini ya Murad wa Tatu. Mipango yake ilikuwa mikubwa kupita uwezo wa wakati wake. Mwaka 1569 alijaribu kuchimba mfereji wa kuunganisha mito ya Don na Volga. Jitihada hiyo ilishindikana. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kulitolewa amri kwa gavana wa Misri kuchunguza kama ingewezekana kuchimba mfereji Suez, ili manowari za Uthmaniya zitoke Mediterania ziingie Bahari ya Shamu na kuwakabili Wareno waliokuwa wameziba njia za Bahari ya Hindi. Mfereji huo haukuchimbwa hadi karne ya 19. Hata hivyo, azma ya kuwafukuza Wareno haikufa na waziri aliyeiasisi. Katika miaka ya 1580 nahodha Ali Bey alishuka kutoka Bahari ya Shamu hadi pwani yetu, akapokelewa katika miji kadhaa ya Waswahili, na mwaka 1589 akatekwa Mombasa. Wareno waliogutushwa na safari zake walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Anayesoma historia ya Mombasa bila ya kutazama Istanbul huwa amesoma nusu yake.

Kuhusu vita vya Kupro, inatosha kusema kwamba Mehmed Pasha hakuvitaka, kwamba wapinzani wake barazani walivipata, na kwamba vilileta maangamizi ya manowari za dola huko Lepanto tarehe 7 Oktoba 1571. Ni yeye aliyelazimika kusafisha uchafu ambao hakuumwaga. Manowari nyingine ziliundwa katika majira ya baridi yaliyofuata, na mwaka 1573 Venice ikafanya mapatano na kukiachilia kisiwa.

Mwaka huohuo wa Lepanto ndio ulioanza ujenzi wa daraja la Višegrad.

Mto Drina hutoka milimani ukiwa na maji ya kijani yaendayo kasi, na kwa karne nyingi ulikuwa mpaka kuliko ulivyokuwa njia. Misafara iliyotoka Sarajevo kwenda Istanbul ililazimika kuvuka kwa kivuko, na yeyote aliyewahi kusubiri Likoni anaweza kukisia hali ilivyokuwa mto unapofurika au chombo kinapokuwa ng'ambo ya pili. Kazi ya kujenga ilikabidhiwa Sinan, msanifu mkuu wa dola. Naye pia alikuwa mtoto wa mkusanyo, aliyechukuliwa kutoka kijiji cha Wakristo karibu na Kayseri. Kwa hiyo aliyelipia daraja na aliyelisanifu wote wawili walikuwa wametolewa kwa wazazi wao kwa sheria moja. Wakati huo Sinan alikuwa na umri wa takribani miaka 80, na alikuwa amekwisha kumaliza daraja refu la Büyükçekmece karibu na Istanbul.

Daraja la Višegrad lina urefu wa mita 179.5 na matao kumi na moja ya mawe, ambayo upana wa kila moja ni kati ya mita 11 na 15. Upande wa ukingo wa kushoto njia ya kupandia haikunyooka moja kwa moja. Inakuja sambamba na mto, juu ya matao mengine manne, kisha inakata kona kamili na kuingia darajani. Katikati, juu ya mto, njia inapanuka pande zote mbili ikafanya kibaraza: upande mmoja kuna benchi la mawe la kukalia, na upande wa pili umesimama ukuta wenye jiwe la maandishi. Wenyeji wa Lamu wanaoijua daka ya mlangoni wataelewa mara moja kazi ya kibaraza hicho. Daraja halikujengwa la kupita tu, lilijengwa pia la kukaa.

Ni vyema kueleza kwa ufupi jinsi tao la mawe linavyosimama, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba chokaa ndiyo inayolishikilia. Waashi huanza kwa kuzingira sehemu ya mto kwa vigingi na udongo, wakayatoa maji, wakachimba msingi wa nguzo. Nguzo zikisha kupanda, kiunzi cha mbao chenye umbo la nusu duara huwekwa kati yake. Juu ya kiunzi hupangwa mawe yaliyochongwa kwa umbo la kabari, kuanzia pande zote mbili kuelekea kileleni. Hadi hapo tao halina nguvu yoyote, na lau kiunzi kingeondolewa kila kitu kingeporomoka mtoni. Jiwe la mwisho linapopachikwa kileleni, mawe yote huanza kusukumana, na uzito uleule uliokuwa ukiyavuta chini ndio unaoyabana pamoja. Kiunzi huondolewa. Kuanzia siku hiyo, kadiri mzigo unavyoelemea ndivyo mawe yanavyokazana. Nguzo nazo huchongwa kwa ncha upande maji yatokako, ili ziupasue mkondo badala ya kuuzuia. Waashi wa Uthmaniya walizidisha kwa kuunga mawe na vyuma vilivyomiminiwa risasi ya moto.

Maandishi yaliyo katikati ya daraja ni beti za Kituruki kwa herufi za Kiarabu, hati ileile ambayo washairi wetu wa Pate na Mombasa waliitumia kuandikia Kiswahili. Yanamsifu Mehmed Pasha na yanautaja mwaka wa Hijria 985, yaani 1577 au 1578. Hayamtaji mvulana wa Sokolovići. Hayamtaji mama yeyote.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wasomaji wengi wa daraja hili. Ivo Andrić, aliyelelewa Višegrad na ambaye mwaka 1961 alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, alilifanya daraja hili kuwa mhusika mkuu wa riwaya aliyoichapisha mwaka 1945. Katika riwaya hiyo mvulana anavushwa Drina kwa kivuko, akina mama wakilia ng'ambo, na uchungu anaoupata hapo unamwandama kifuani hadi uzeeni, ndipo anapoamua kuufuta kwa kuziunganisha kingo zile mbili. Ni ubunifu wa hali ya juu, na umefaulu kiasi kwamba siku hizi unasimuliwa kama historia. Lakini uchungu huo ni wa Andrić. Tukimhusisha nao waziri bila hadhari, tunamgeuza mtu mgumu kueleweka kuwa kisa chepesi cha jeraha na dawa yake.

Sababu zilizo wazi zaidi ni za aina nyingine. Njia ya Sarajevo hadi Istanbul ilihitajiwa na wafanyabiashara na majeshi, na hiyo peke yake ingetosha. Isitoshe, kisheria waziri mkuu alibaki kuwa mtumwa wa sultani. Angeweza kuuawa kwa neno moja, na mali yake ikarejea katika hazina. Mali iliyotolewa wakfu, hata hivyo, ilikuwa nje ya mkono huo. Neno wakfu halihitaji ufafanuzi kwa wasomaji wa pwani. Mehmed Pasha alitoa wakfu misikiti, shule, mabafu, visima na nyumba za kupumzikia misafara, kuanzia Istanbul na Lüleburgaz hadi Balkani. Karibu na daraja la Višegrad palikuwa na nyumba ya namna hiyo, na mwaka 1574 lilimalizwa daraja lake jingine karibu na Trebinje. Mjengaji wa namna hii haongozwi na kumbukumbu moja ya utotoni.

Haimaanishi kwamba alikwishasahau alikotoka. Mwaka 1557, alipokuwa mmoja wa mawaziri, ubaba mkuu wa Kanisa la Othodoksi la Serbia ulirejeshwa huko Peć, na aliyekalishwa kiti hicho ni Makarije Sokolović, jamaa yake wa damu. Wengine katika ukoo walipewa ugavana, mathalan Mustafa aliyeitawala Buda kwa miaka kumi na miwili. Kwa maoni yangu, ushahidi wa uhusiano wake na nyumbani umo katika mambo haya kuliko katika machozi ya kivukoni. Dola ilimchukua mwana wa Sokolovići, naye akawaita Wasokolović waingie dolani.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kupunguziwa nguvu. Murad wa Tatu hakumwondoa, lakini aliwaondoa watu wake mmoja baada ya mwingine: katibu Feridun alifukuzwa mwaka 1576, na Mustafa wa Buda akauawa kwa amri ya sultani mwaka 1578. Mwezi Oktoba 1579, akiwa anapokea maombi ya raia katika kasri lake mjini Istanbul, mtu aliyevaa kifakiri, mfano wa masufi wa kutangatanga, alimkaribia kana kwamba anakabidhi hati, akamchoma kisu. Alifariki siku hiyo. Ilisemwa kwamba muuaji alikuwa na kinyongo kwa kupunguziwa ardhi aliyopewa na dola. Walikuwapo pia walioshuku kwamba nyuma ya kisu palikuwa na mikono mingine. Amezikwa Eyüp, katika kaburi lililosanifiwa na Sinan, huyohuyo wa daraja.

Daraja lilipata maisha yake. Mwaka 1896 mafuriko ya Drina yalipanda hadi kulifunika, na maji yalipopungua likaonekana liko vilevile. Binadamu walilidhuru zaidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia matao matatu yalibomolewa, na katika Vita vya Pili matano yaliharibiwa; kila mara yalijengwa upya. Jirani yake wa Mostar, kazi ya mwanafunzi wa Sinan aitwaye Hayruddin, liliangushwa kwa mizinga tarehe 9 Novemba 1993, likafunguliwa tena mwaka 2004. La Višegrad halikuangushwa katika vita hivyo. Lilitumiwa. Katika majira ya kuchipua na ya joto ya mwaka 1992 wanamgambo na wanajeshi wa Kiserbia waliwaua raia Wabosnia Waislamu wa mji huo, na wengi waliuawa hapo darajani na kutupwa mtoni. Mahakama ya kimataifa mjini The Hague ilisikiliza ushahidi wa mauaji ya Višegrad na kutoa hukumu, ikiwamo ya kifungo cha maisha mwaka 2009.

Baada ya hayo imekuwa desturi kusema kwamba daraja lililojengwa ili kuunganisha watu lilisalitiwa. Siioni hoja hiyo kuwa na nguvu. Daraja lilijengwa na dola iliyotaka barabara, kwa amri ya mtu aliyejua kutoka utotoni dola inaweza kumfanya nini mtoto wa mtu. Mawe hayakuahidi lolote.

Mwaka 2007 UNESCO iliorodhesha daraja hili katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2010 ziwa Perućac, lililoko chini ya Višegrad katika mto huohuo, lilipunguzwa maji ili bwawa lake likarabatiwe, na wachunguzi wakashuka kwenye matope kutafuta mabaki ya waliotupwa mtoni miaka kumi na minane nyuma. Waliyapata. Katika miaka iliyofuata daraja lenyewe lilikarabatiwa, nguzo zake zikaimarishwa chini ya maji, kwa fedha zilizotoka Uturuki.